Teatri ya wanafunzi kwenye vyuo vikuu vya Kikatoliki: ilianzia wapi, na nini kinaifanya idumu?

#1 Mwana_Ibanda (Bukavu)
Jambo kwa wote. Kila tunapogusa teatri ya wanafunzi kwenye vyuo vya Kikatoliki, mtu anataja Washington na Padri Gilbert Hartke, Mdominiko aliyeanzisha idara ya drama pale Catholic University of America mwaka 1937. Mimi napinga. Kufika 1937 kazi hiyo ilikuwa na karne karibu nne mgongoni. Wajesuiti, yaani mapadri wa Shirika la Yesu, walifungua kolegi ya Messina, Italia, mwaka 1548. Mwaka 1599, walipotoa mpango wao wa masomo, Ratio Studiorum, tayari iliwabidi waibane michezo kwa sheria. Kanuni ya 13 ya rekta, mkuu wa kolegi, inasema tragedia na komedia ziwe za Kilatini tu, ziwe nadra sana, habari yake iwe takatifu na ya uchaji, katikati ya matendo pasichomekwe kitu kisicho cha Kilatini na cha heshima, na asiingie mhusika wa kike wala vazi la kike.

Hakuna anayetunga sheria ya kupunguza kitu ambacho hakipo. Basi naomba wanaojua waseme: asili ni hapo? Na kama ni hapo, mbona vikundi vingine vinaishi zaidi ya miaka mia, na vingine vinakufa promosio moja ikishapata diploma?

#2 Latini_Kidogo (Bukavu)
Asanti kwa mada. Niongeze namna walivyofanya, maana watu wanadhani ilikuwa burudani ya Jumapili. Mtunzi alikuwa mwalimu wa retorika mwenyewe, yaani wa ufundi wa kusema mbele za watu, na kutunga tamthilia kulihesabiwa ndani ya kazi yake ya mwaka. Mwanafunzi alijifunza Kilatini kwa kukisema mbele za watu, akafundishwa sauti, mkono, kusimama na kutembea. Kwenye kolegi za Ufaransa tragedia kubwa iliwekwa mwezi wa nane, siku ya kugawa zawadi za mwisho wa mwaka. Kwetu ingekuwa siku ya proklamasio: wazazi wapo, askofu yupo, wakubwa wa mji wapo. Watazamaji walikuja wenyewe, hakuna aliyezunguka mtaani kuuza tiketi.

Shida ilikuwa lugha. Mama wa mtoto hakujua Kilatini. Dawa yao ilikuwa karatasi iliyochapwa, inaitwa periocha: muhtasari wa kila tendo na kila onyesho, mara nyingi Kilatini pamoja na lugha ya mji, na mwishoni orodha ya waigizaji. Karatasi hizo zimebaki kwa wingi kuliko tamthilia zenyewe, na ndizo zinazotuambia kilichochezwa. Anayepeleka mchezo wa Kifaransa mbele ya wazazi wa mtaa wa Kadutu aige hapo.

Halafu kanuni ya 13 haikushikwa kila mahali. Wahusika wa kike waliingia, wakichezwa na wavulana, na Paris waliweka hata baleti kati ya matendo. Angalia watunzi waliopita kwenye shule hizo: Corneille kule Rouen, Calderón kule Madrid, Molière kolegi ya Clermont, na Voltaire palepale ilipokwisha kuitwa Louis-le-Grand.

#3 Kadutu_Juu (Bukavu)
Ndugu zangu, kolegi si chuo kikuu. Wale walikuwa vijana wadogo chini ya amri ya mwalimu. Mada inasema chuo. Basi tuanzie chuo cha Georgetown, Marekani, 1789, tusipoteze muda na Messina.

#4 Mama_Maktaba (Bukavu)
Kadutu_Juu #3, mwanangu, 1789 ni mwaka wa chuo, si wa teatri. Kikundi chao, Mask and Bauble, ni cha 1852, na kinatajwa kuwa kikundi cha teatri cha wanafunzi kilichodumu muda mrefu kuliko vyote Marekani bila kukatika. Na Georgetown ni ya Wajesuiti, kwa hiyo umemrudia Mwana_Ibanda kupitia mlango wa nyuma.

Ila hata Mwana_Ibanda asifurahi upesi. Shirika la Yesu lilifutwa na Papa mwaka 1773 na kurudishwa 1814. Kolegi nyingi za Ulaya zilifungwa au zikapewa wengine, na michezo yake ikaisha nazo. John Carroll alipoanzisha Georgetown, shirika lake la zamani halikuwepo kisheria. Mtu anayechora mstari mmoja ulionyooka kutoka 1548 mpaka leo anaruka shimo la miaka arobaini na moja. Kwangu mimi Mask and Bauble imedumu kwa sababu ya kawaida kabisa: ni wanafunzi wanaoiendesha wenyewe, wana uongozi unaochaguliwa, wana kumbukumbu. Anayetoka anamwachia anayeingia.

#5 Mto_Ruzizi (Bukavu)
Umri si hoja, Kadutu_Juu. Mwaka 1609 kule Munich walicheza Cenodoxus ya Jakob Bidermann, habari ya daktari wa Paris mwenye sifa kubwa anayehukumiwa kwa kiburi chake. Utangulizi wa chapa ya 1666 unasimulia kwamba wakubwa kumi na wanne wa nyumba ya mtawala wa Bavaria walitoka pale wakaenda kufanya mazoezi ya kiroho, na aliyemcheza Cenodoxus akajiunga na shirika. Hata ukipunguza chumvi ya msimuliaji, mchezo wa "watoto" uliwatikisa watu wazima.

#6 Fundi_wa_Taa (Bukavu)
Nimesoma yote. Mnataja mapadri, mashirika, katiba. Mimi nasema kikundi kinaishi pale kilipo na ukumbi wenye kadena ambalo ufunguo wake uko kwake. Kikundi kinachoomba oditwari, yaani ukumbi wa masomo, kila mara kinakufa, na kinakufa kwa sababu zinazoweza kuhesabiwa.

Oditwari ilijengwa kwa mwalimu mmoja aliyesimama. Jukwaa lake lina kina cha mita mbili, ubao uko nyuma, mlango uko upande mmoja tu. Ukitaka kucheza unajenga jukwaa la kuongezea. Chukua mita 6 kwa 4, kimo sentimita 70. Tripleksi (plaiwudi) ya milimita 18 inauzwa mita 2.44 kwa 1.22, kwa hiyo unahitaji karatasi 9, nane za kufunika na moja ya kujazia kingo. Chini yake shevroni, mbao za kubebea, kila sentimita 40. Wanaobana pesa wananunua milimita 12 na kuweka shevroni kila sentimita 80. Matokeo yake ubao unabonyea, na kila hatua inalia kuliko maneno ya mwigizaji.

Sasa taa. Halojeni sita za wati 500 ni wati 3,000. Kwa volti 220 hiyo ni ampea 13 na nusu hivi. Soketi moja ya oditwari inabeba 16, na kuna mtu atachomeka bafle (spika) na birika la chai hapohapo, disjontere, swichi ya kinga, inaanguka tendo la pili. Gawanya kwenye laini mbili tofauti, au tumia jenereta ya kVA 5 iliyowekwa mita 30 nyuma ya ukuta. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba. Na ralonji ya gurudumu, waya wa kurefushia, IFUNGULIWE YOTE: ikibaki imezungushwa huku inapitisha ampea 13, joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka. Ajali hiyo haina uhusiano na Shetani.

Kikundi chenye ukumbi kinafanya kazi hii mara moja, kikundi kisicho na ukumbi kinaifanya kila mwaka na kuibomoa usiku uleule kwa sababu kesho saa mbili asubuhi kuna somo la takwimu. Mwaka wa tatu mafundi wamechoka. Hapo ndipo kinapofia.

#7 Yaya_Nguba (Bukavu)
Fundi, kwa kukuunga mkono nakupa São Paulo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha kule kina ukumbi unaoitwa TUCA, yaani teatri ya chuo hicho. Ulifunguliwa Septemba 1965, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya wanajeshi kupindua serikali ya Brazili. Mchezo wa kwanza ulikuwa Morte e Vida Severina, shairi la João Cabral de Melo Neto, muziki ukatungwa na Chico Buarque, kijana wa miaka 21 wakati huo. Mwaka 1966 wanafunzi hao walichukua zawadi kubwa kwenye tamasha la dunia la teatri ya vyuo kule Nancy, Ufaransa.

Na ukumbi uliendelea kuwa na uzito wake. Tarehe 22 Septemba 1977 polisi walivamia chuo hicho wakati wa mkutano wa wanafunzi. Tarehe hiyohiyo ya mwaka 1984 ukumbi uliungua moto. Ukajengwa upya, na bado unafanya kazi.

#8 Kadutu_Juu
Yaya, hiyo inaonyesha kinyume. Walioshinda Nancy hawakushinda kwa sababu ya matofali. Walishinda kwa sababu walikuwa na kitu cha kusema, na udikteta uliwapa sababu ya kukisema kwa pamoja. Ukumbi bila jambo la kusema unageuka stoo ya viti.

#9 Latini_Kidogo
Wote wawili mnapita juu ya kitu muhimu. Shairi lile lina jina la pili linalolitaja kuwa auto ya Noeli ya Pernambuko, jimbo la Brazili. Auto ni aina ya zamani ya mchezo wa dini huko Ureno na Hispania. Mkimbizi wa ukame anafuata mto kuelekea Recife, kila kituo anakutana na kifo, na mwisho mtoto anazaliwa kwenye kibanda na majirani maskini wanaleta zawadi zao. Ni Betlehemu ya makabwela. Mkaguzi wa serikali angekata nini? Umbo la Kikatoliki ndilo lililobeba maneno makali. Hapo ndipo naona asili, wala si kwenye jengo wala kwenye hasira.

#10 Kasapa_Kwetu (Lubumbashi)
Salamu kutoka Lubumbashi. Mnazunguka dunia nzima, mnaiacha Lovanium. Chuo kikuu cha kwanza cha Kikatoliki nchini kwetu, 1954, kilele cha Mont Amba, Kinshasa, rekta wa kwanza Monsinyori Luc Gillon. Na mwaka 1971 Lovanium ililetwa kwetu, kampasi ya Kasapa. Kwa hiyo mrithi wa teatri ya chuo Kikatoliki Kongo ni Lubumbashi.

#11 Mama_Maktaba
Kasapa_Kwetu, karibu, lakini Lovanium haikuhamia Lubumbashi nzima. Mwaka 1971 serikali ilikusanya vyuo vitatu kuwa kimoja, UNAZA: Lovanium ya Kinshasa, chuo cha serikali cha Lubumbashi, na chuo cha Waprotestanti cha Kisangani. Fakulti zikagawanywa. Letere (lugha na fasihi) na sayansi za jamii zilikwenda kwenu, saikolojia na pedagojia zikaenda Kisangani, udaktari, sheria na uchumi vikabaki Kinshasa. UNAZA ikavunjwa 1981. Kwetu Bukavu chuo cha Kikatoliki kilizaliwa 1989, miaka kumi na minane baada ya Lovanium kufutwa. Hakuna kikundi cha wanafunzi kinachoruka miaka kumi na minane.

#12 Kasapa_Kwetu
Sawa mama, si chuo kizima. Lakini kwa teatri, letere ndiyo yenyewe: wanaosoma tamthilia ndio wanaozicheza. Kinshasa ilibaki na wanasheria.

#13 Mto_Ruzizi
Wanasheria ndio waigizaji wazuri kuliko wote, Kasapa, uliza mahakama yoyote 😄

Kwa upande wa Kongo, mbona mnakwepa siasa? Tarehe 4 Juni 1969 askari walifyatulia maandamano ya wanafunzi Kinshasa, wakaua. Juni 1971 walipotaka kuwakumbuka wenzao, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Halafu ikaja animasio ya MPR, chama pekee cha Mobutu: nyimbo na dansi za kumsifu kiongozi, kwenye shule, kampuni, ofisi na vyuo. Ngoma zilezile, vijana wenye miili iliyozoea jukwaa, vitenge, saa za mazoezi, vyote vilichukuliwa na chama. São Paulo udikteta uliipa teatri adui. Kwetu udikteta ulikuwa wenyewe ndiyo teatri, ukamaliza nafasi. Kwa hiyo hoja ya Kadutu_Juu #8 kwamba ukandamizaji unazaa michezo haifanyi kazi kila mahali.

#14 Goma_Majengo (Goma)
Mto_Ruzizi umenena. Lakini hata chini ya animasio watu waliendelea kucheza, ila nje ya chuo na kwa Kiswahili. Kasapa_Kwetu anakaa mji mmoja na mfano huo na hautaji! Kundi la mwigizaji Mufwankolo la Lubumbashi. Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha pale kampasi kati ya 1972 na 1974, alirudi 1986 akafuatilia kundi hilo likitengeneza mchezo kuanzia usemi mmoja, kwamba madaraka huliwa mzima, na akachapisha kazi nzima juu yake mwaka 1990. Hawakuwa na maandishi. Walikubaliana habari na mpango wa maonyesho, kila mtu akajua anaingia lini na anatoka na nini, maneno yakatoka mdomoni palepale.

Mimi naona hapo ndipo penye jibu. Vikundi vya chuo vinashika kitabu cha Kifaransa cha kurasa 120, wanakariri miezi mitatu, wanacheza mara moja mbele ya wenzao, wanakufa. Lugha inaua.

#15 Kasapa_Kwetu
Mufwankolo nilikuwa namweka akiba, yaya 😊 Lakini yeye si mtu wa chuo, ndiyo maana sikumleta. Ukianza kumhesabu, mada imekwisha: watu wa mtaani wamewashinda wenye diploma.

#16 Latini_Kidogo
Goma_Majengo #14, lugha haiui kama kuna periocha. Wajesuiti walicheza Kilatini miaka mia mbili kwa watu wasiojua Kilatini.

Na kuna njia ya tatu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lublin, Poland, kilichoendelea chini ya serikali ya Kikomunisti. Mwaka 1970 Leszek Mądzik alianzisha pale Scena Plastyczna: teatri isiyo na maneno. Giza karibu kamili, miali midogo ya taa, miili, vitu, muziki. Kikundi hicho kimekaa miongo mingi na kimetembea nchi nyingi bila kutafsiri hata sentensi moja.

#17 Fundi_wa_Taa
Lublin ni mfano mzuri ila msiuige kichwakichwa. Giza ni ghali. Ili taa moja ionekane kama mwali, ukumbi wote uwe mweusi kweli: madirisha yazibwe. Shitingi (turubai) peke yake haitoshi, inapitisha mwanga na inapigapiga upepo ukija. Weka shitingi nje, kitambaa cheusi kizito ndani, na kingo zizidi fremu sentimita 20 kila upande. Bukavu giza linaingia kabla ya saa moja ya usiku, kwa hiyo mchezo wa saa kumi jioni hauwezi kuwa wa giza kabisa. Na LED nyingi za bei rahisi haziwezi kupunguzwa mwanga taratibu, zinawaka au zinazimika. Kwa kufifisha, halojeni na dimeri ndiyo njia rahisi.

Kwa anayeanza, aache giza. Taa mbili kwa kila eneo la jukwaa, moja kushoto moja kulia, zimening'inia kama mita 4 juu, zikishuka kwa pembe ya nyuzi 45. Taa ikiwekwa chini miguuni vivuli vya uso vinageuka juu chini, sura inatisha, na kivuli kinapanda ukutani. Ikiwa moja tu katikati, sura inakuwa bapa kama picha ya kitambulisho.

#18 Kadutu_Juu
Na mvua, Fundi? Mbona unakaa kimya juu ya mvua?

#19 Fundi_wa_Taa
Mvua sina dawa yake kamili, ila nina vipimo. Bukavu inanyesha tangu Septemba mpaka Mei, na mara nyingi mchana kuelekea jioni. Ukumbi wa mabati bila dari: mvua ikianza, sauti ya mwanafunzi asiyefundishwa haifiki safu ya tatu. Mikrofoni haisaidii, inachukua na mvua. Dari ya tripleksi inapunguza kelele, na ukijaza katikati ya dari na bati kitu kizito kinachomeza sauti inapungua zaidi. Katoni za mayai ukutani hazifanyi lolote kwa mvua, hizo zinapunguza mwangwi kidogo tu.

Bila dari: panga viti pande tatu za jukwaa, mtazamaji wa mwisho asizidi mita 12. Na mwongozaji apange mapema mahali pa kusimamisha mchezo, yaani mwisho wa onyesho la pili, la nne na la sita. Mvua kubwa ikija, waigizaji wanaendelea mpaka kituo hicho, wanatoka, wapiga ngoma wanaingia. Kinachoharibu mchezo ni kupiga kelele dhidi ya mabati dakika ishirini: sauti zinakatika na kesho hamna onyesho la pili.

#20 Mwana_Ibanda
Wapenzi, mada imeingia kwenye dari, na sikatai, ni mambo ya maana. Lakini nirudishe Washington niliyoianza mwenyewe. Hartke alifanya kitu ambacho Wajesuiti hawakufanya: aliifanya teatri kuwa digrii. Na mwaka 1949 kikazaliwa Players Incorporated, kundi lililotoka chuoni likazunguka na tamthilia za zamani, Shakespeare na wengine, kwenye miji isiyo na teatri. Waigizaji haohao walipakia mizigo, wakafunga jukwaa, wakacheza, wakafungua, wakaondoka. Hilo limedumu miongo mingi. Kwa hiyo je, ziara ndiyo siri?

#21 Mama_Maktaba
Chile inakujibu nusu. Teatro de Ensayo ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Santiago ilianzishwa 1943 na Pedro Mortheiru na Fernando Debesa, wanafunzi wa usanifu majengo, wala si wa letere (Kasapa_Kwetu #12 asome hapo). Mwaka 1960 wakaweka La pérgola de las flores ya Isidora Aguirre, mchezo wa nyimbo juu ya wauza maua walio karibu kufukuzwa sehemu yao ya biashara. Ulipata mafanikio makubwa ajabu. Baadaye kikundi kikawa teatri ya wataalamu na shule. Imedumu, naam. Lakini mwanafunzi wa udaktari au wa kilimo anayependa kucheza jioni, nafasi yake iko wapi? Digrii inaokoa teatri na inamtoa mwanafunzi wa kawaida. Kwa Hartke hali ni hiyohiyo. Georgetown walibaki klabu, na wanafunzi wa fani zote wanaingia.

#22 Mto_Ruzizi
Wauza maua wanaofukuzwa... hiyo ingechezwa hapa Nyawera kesho asubuhi bila kubadilisha hata jina la soko.

#23 Yaya_Nguba
Kwa klabu ya fani zote adui ni kalenda. Chuo chenye udaktari, kama chetu, kinawapeleka stajiari, wanafunzi wa mazoezi ya kazi, hospitalini kwa zamu. Mwigizaji mkuu anapata zamu ya usiku wiki ya mchezo. Kwa hiyo:

Kila nafasi kubwa iwe na watu wawili kutoka fakulti TOFAUTI. Wawili wa udaktari watakosekana pamoja.

Hesabu wiki tisa. Mbili za kusoma mezani na kukata. Nne za kupanga mienendo, onyesho kwa onyesho. Mbili za kupitisha mchezo wote kila mara, bila kusimama. Moja ya taa, mavazi na vifaa. Kitabu kitoke mkononi mwisho wa wiki ya tano. Sufleri, anayekumbusha maneno, abaki, lakini akae upande ambao mwigizaji anaangalia akikwama, si nyuma ya rido (pazia).

Ukurasa wa kawaida unakula dakika moja na nusu mpaka mbili. Kitabu cha Goma_Majengo cha kurasa 120 ni saa tatu na zaidi. Kata mpaka 50. Unakata nini? Wajumbe wanaokuja kusimulia yaliyotokea nje, kwanza. Halafu mhusika anayeweza kuunganishwa na mwingine. Usikate mwisho, waongozaji wengi wanakata mwisho kwa sababu muda umewaishia, na watu wanaondoka hawajui kilichotokea.

Kuhusu kilichoua vikundi, nasema ni mazoezi ya wiki tatu za mwisho yanayogongana na mitihani. Anza mwanzo wa semesta, mchezo uwe umekwisha mwezi mzima kabla ya sesio. Siasa na lugha ni kweli, lakini ratiba imewaua wengi zaidi.

#24 Goma_Majengo
Yaya, wiki tisa kwa maandishi. Kwa namna ya Mufwankolo hamhitaji kukariri, wiki nne zinatosha.

#25 Kasapa_Kwetu
Goma, usidanganyike. Kubuni maneno papo hapo ni kwa watu waliocheza pamoja miaka mingi, wanaojuana pumzi. Wape wanafunzi wapya, na onyesho la dakika tano litakuwa la kumi na tano, maana kila mmoja anataka kusema neno la mwisho. Ukitaka kujaribu, weka sheria mbili: kila onyesho lina sentensi moja ya kuingilia na moja ya kutokea, hizo zinakaririwa, katikati wako huru. Na mtu mmoja nje ya jukwaa anashika saa.

#26 Kadutu_Juu
Hiyo ndiyo commedia ya Waitalia, mpango wa maonyesho umetundikwa nyuma ya rido, waigizaji wanajaza. Kwa hiyo Lubumbashi, Italia na Messina wamekutana, na Mwana_Ibanda atasema ameshinda.

#27 Mwana_Ibanda
Sijasema. Wajesuiti walitaka maneno yaliyoandikwa, yaliyosomwa na wakubwa wao kwanza. Waitalia wa viwanjani ndio hasa waliowatia wasiwasi.

#28 Latini_Kidogo
Naam. Na hilo bado lipo: chuo Kikatoliki kinataka kusoma maandishi kabla. Peleka nakala kamili wiki ya pili, siyo ya nane. Ikija kubadilishwa wiki ya nane, unapoteza onyesho ambalo watu wamekwisha kulikariri, na hapo kikundi kinagombana na uongozi kwa miaka.

#29 Mama_Maktaba
Latini, tuulize la kazi: periocha ya Kiswahili na Kifaransa, kwa ukumbi wa watu 300, tuchape ngapi na kwa muundo gani?

#30 Latini_Kidogo
Mama, karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara moja inatoa kurasa nne. Ya kwanza jina la mchezo, siku, saa. Ya pili muhtasari kwa Kiswahili, ya tatu kwa Kifaransa, sentensi mbili au tatu kwa kila onyesho, usifichue mwisho. Ya nne waigizaji, pamoja na walioshika taa, mavazi na mbao. Herufi za pointi 12, maana watasoma kwenye mwanga hafifu. Chapa 150, watu wanakaa wawiliwawili, na ongeza 10 za maktaba, ziandikwe tarehe kwa kalamu. Zigawiwe mlangoni nusu saa kabla, siyo taa zikishazimwa.

#31 Fundi_wa_Taa
Na ongeza mstari mmoja chini ya ukurasa wa nne: mvua ikinyesha kutakuwa na mapumziko, msiondoke.